Habari za Coleta na Namba Isiyogawanyika ya Mazwi

Zimeni redio, enyi watu wa Ufipa! Teremsheni madebe vichwani, mliosimama. Nawe unayepuliza moto, uache moshi ujitafutie njia. Naleta habari ya vita. Si vita vya mikuki, kwa maana mikuki ya babu zetu ilikwisha kufuliwa majembe. Ni vita vya mwanamke mmoja na namba moja, navyo vilipiganwa hapa hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, katika baridi ile ya Juni inayopasua midomo, zama zile serikali ilipofungua milango ya biashara na kila mwenye pumzi akajiita mfanyabiashara. Asiyetaka kusikia na aende akapange foleni kwingine.

Nawe uliyevumbua sifuri, popote ulipolala, mtu wa ajabu uliyekaa ukafikiri kitu kisichokuwapo ukakipa na jina: nisimamie leo nisikosee hesabu mbele za watu. Mazwi nawajua. Sifuri moja nitakayoisahau leo, wataitaja hata kwenye msiba wangu.

Alikuwako bwana mmoja, Polikarp mwana wa Kalisti, Mfupi wa Shingo, Mrefu wa Maneno, Bwana wa Kinu cha Chuma. Mashine ya kusaga ya ushirika ilipokuwa imekufa na popo wamehamia ndani yake, huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza Mazwi kuleta mashine ya mtu binafsi. Aliitoa Tunduma juu ya lori la mitumba, naye njia nzima ameikumbatia, vumbi limemfunika hata nyusi. Watu walimlaki kwa vigelegele, akashuka akiyumba kama mtu aliyerudi kutoka Roma.

Lakini maksai waliouzwa hata mashine ile ikapatikana hawakuwa wa Polikarp peke yake. Nusu yao walikuwa wa mdogo wake, Coleta binti Kalisti, Mwenye Viganja Vigumu, aliyewalea tangu ndama, akawafundisha jembe la kukokota, akawapa na majina. Siku walipoondoka alijifungia jikoni akalia, kisha akanawa uso akasema, "Haya, si wamekwenda kuwa mashine." Huo ndio mzizi wa vita, na mwenye kutaka kunibishia asubiri nimalize.

Sasa, juu ya injini ile palikuwa na kibati, na juu ya kibati palikuwa na namba. Polikarp aliitazama namba hiyo mpaka ikamwingia damuni. Akamwita fundi wa rangi, akaiandikisha ukutani mwa kinu kwa rangi nyekundu, kila tarakimu kimo cha mtoto wa darasa la pili: 1055633. Milioni moja, elfu hamsini na tano, mia sita thelathini na tatu! Hata wasiojua kusoma walijua kuwa hapo pana kitu kikubwa, na mbwa wa jirani alikuwa akiibwekea kila asubuhi.

Siku ya kuzindua, Polikarp aliwaalika watu wamlimie matuta, na baada ya kazi akatoa pombe ya ulezi. Jueni kuwa katika ukoo wa Kalisti neno linalonenwa juu ya mtungi wa kwanza wa kazi ya matuta halirudishwi kamwe. Marehemu mzee Kalisti mwenyewe aliwahi kunena juu ya mtungi, kwa hasira tu, kwamba hatakula tena nyama ya mbuzi. Akaishi miaka mingi baadaye, akazikwa hajaionja, na kila Krismasi alikuwa akitoka nje harufu ilipopanda.

Hapo Coleta akasimama mbele ya mtungi, akanena: "Kaka, mashine imefika salama, namshukuru Mungu. Sasa uwaambie watu hawa kwamba ni yetu sote wawili."

Polikarp akainuka, akapandisha suruali, akahutubia: "Wananchi! Kila kitu duniani kina jina, na jina la mashine hii mnaliona ukutani. Likigawanyika jina, mwenye jina naye agawanywe. Mwalimu Zenon, wewe ndiwe Mlinzi wa Jedwali la Kuzidisha. Tupimie."

Mwalimu Zenon, aliyefundisha hesabu vizazi viwili vya Mazwi na kuvipiga vyote viwili, akatoa kalamu. Akajaribu kwa mbili, ikakataa. Akajaribu kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, zote zikarudishwa mlangoni. Akajaribu kwa kumi na tatu, ikabaki saba. Wakati huo huo kibuyu kikafika mkononi mwake. Akakitazama kibuyu, akaitazama kalamu, akainua kichwa akatangaza, "Ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Mmesikia!" Polikarp akanguruma. "Basi nanena juu ya mtungi huu: siku namba hii itakapogawanyika, ndipo mashine hii itakapogawanywa!"

Watu wakanywa. Coleta hakunywa.

Tangu siku hiyo, Coleta alipotaka kusaga alibeba debe lake la mahindi akaliweka kwenye foleni mbele ya kinu, nyuma ya vikapu vya watu wengine, akasubiri zamu. Hilo ndilo lililomuuma, kuliko hata maksai. Akisikia mashine ikiunguruma, moyo ulimwambia, hao ni maksai wangu, Kaisari na Mapambo, wanakokota, naye yuko nje anapigwa na upepo. Bertilla, muuza vitumbua, Mwenye Ulimi Usio na Breki, hakumwachia nafasi ya kupumua.

"Jamani mwenye mashine," Bertilla alisema, "mbona uko nyuma yangu?"

"Nakulinda usiibiwe kikapu," Coleta akajibu, lakini jioni aliporudi nyumbani hakula.

Jumapili baada ya Misa alimvizia Mwalimu Zenon nje ya kanisa, mahali ambapo mwalimu alikuwa bado hajaonja kitu isipokuwa mahubiri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Coleta. Hujambo?"

"Sijambo, ila nina swali. Ile namba uliipima mpaka wapi?"

Mwalimu alikohoa, akaangalia viatu vyake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mpaka pombe ilipofika."

"Kwa hiyo hujui kama ni tasa?"

"Sijui. Namba tasa hazikufia pale kwenye kumi na tatu, binti yangu, zinaendelea. Mimi ndiye niliyeishia njiani."

Coleta alitaka kumrushia kanga. Badala yake akasema, "Basi nifundishe jinsi ya kumaliza safari."

Ndipo mwalimu, kwa aibu na kwa furaha pia, maana siku nyingi hakuna aliyemuuliza kitu cha maana, akamkabidhi silaha. "Usihangaike na nne, wala sita, wala tisa," alinena. "Mbili ikishindwa, nne haina la kufanya. Pigana kwa zilizo tasa tu: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, na kuendelea. Wala usiogope kwamba utagawanya mpaka uzee. Namba ikivunjika inatoa vipande viwili vinavyozidishana, na kimoja ndicho kidogo. Hicho kidogo hakiwezi kuvuka elfu moja ishirini na saba, kwa sababu vikivuka vyote viwili, ukivizidisha utaipita namba yenyewe. Ukifika hapo hujapata kitu, rudi ukamwamkie kaka yako, umeshindwa."

Enyi mliopigana Kagera, kaeni mlivyo, leo si zamu yenu! Coleta alirudi nyumbani, akaokota mkaa jikoni, akaukabili ukuta wa sebule. Hakuwa bingwa wa hesabu, na shuleni alikuwa akichanganya nane na sita. Alichokuwa nacho ni ubishi. Akaandika milioni ile, akaifungia banda la kugawanya, akairushia kumi na saba. Akashusha tarakimu moja baada ya nyingine, jasho likimtoka na nje kuna baridi ya kukausha nguo kwa siku tatu, mpaka mwisho akaona imebaki moja. Moja tu!

Alitoka mbio na mkaa mkononi mpaka kinuni. "Kaka! Kumi na saba! Imebaki moja tu, kaka, moja ni kitu gani?"

Polikarp alikuwa amesimama mlangoni, mweupe kwa unga toka kichwani mpaka kwenye ndala. Akamtazama mdogo wake kwa huruma ya kujivunia, akanena, "Hiyo moja iliyobaki ndiyo mimi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Alikuwapo siku hiyo Mboje, Msukuma ambaye ukoo wake ulishuka na ng'ombe mpaka bonde la Rukwa, upande wa Mtowisa, naye alikuwa amepanda huku kwa ajili ya mnada, amejifunika blanketi mbili na bado meno yanagongana. Yeye hakucheka. Aliuliza jambo lote tangu mwanzo, akaelezwa, akatafakari.

"Mama," alimwambia Coleta, "kaka yako ni mkorofi, lakini kwenye hili ana haki. Mimi nikihesabu ng'ombe jioni, mmoja akikosekana, siwezi kumwambia baba kwamba moja ni kitu gani. Rudi ukahesabu. Mimi sitoki mjini hapa mpaka nione mwisho wa namba hii."

"Na baridi?" Bertilla akamuuliza.

"Baridi na iniue."

Coleta alirudi ukutani. Kumi na tisa ikaja ikaanguka. Ishirini na tatu ikaja, ikabakiza mbili, ikaanguka. Ishirini na tisa ikabakiza nne. Thelathini na moja ikamdanganya kutwa nzima kwa sababu alichanganya nane na sita, akaanza upya. Ukuta wa sebule ukajaa, akahamia chumbani; chumba kikajaa, akatokea uani. Mume wake, Yonas, alirudi na baiskeli akakuta nyumba imegeuka ubao.

"Mke wangu," alinena kwa uchungu, "chokaa hii niliipaka kwa ajili ya Pasaka."

"Pasaka imepita."

"Na watu wanasema nini? Mazwi hii hii! Mtu akiona ukuta umejaa alama nyeusi asizozielewa, unadhani atafikiria hesabu?"

Ni kweli maneno yalikuwa yameanza. Walisema namba ile imetengenezwa na mtaalamu, ndiyo maana kila inayoigusa inatupwa nyuma. Walisema Polikarp aliipeleka bondeni kwa mganga ikaoshwa. Mama mmoja alianza kupita mbele ya kinu akiwa amefumba jicho la upande wa ukuta, na wengine wakamwiga, foleni ikawa inagongana. Polikarp aliyasikia haya wala hakuyakanusha, kwani mashine inayoogopwa haiibiwi dizeli.

Coleta akaivuka mia moja. Usimwonee wivu, wewe unayesikiliza umekaa! Vidole vilikuwa vyeusi, hata ugali aliosonga ulikuwa na madoa, na watoto walikuwa wakiutazama kabla ya kula. Alipofika mia moja tisini na tisa ikabaki mia moja thelathini na saba, aliketi chini uani, akaweka mkaa, akalia kwa sauti. Aliwalilia maksai wake. Alilia kwa sababu alijua hata asipopata kitu, Polikarp bado atakuwa amekosea, na hakuna hesabu itakayosema hivyo.

Yonas alimtazama. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa kilicho kirefu na kizuri, akampa. "Upande wa choo bado mweupe," alisema.

Na hapo, kwenye ukuta wa choo, enyi wana wa Ufipa, ndipo historia ilipogeuka! Tasa inayofuata ilikuwa mia mbili kumi na moja. Coleta akaitazama milioni yake, akafunika mkia wake kwa kiganja, ikabaki elfu moja hamsini na tano. Mia mbili kumi na moja iliingia humo mara tano, kamili, bila kubaki hata punje. Akashusha sita, ikawa ndogo mno, akataka kuiruka. Mkono ukasita wenyewe, akaandika sifuri. Akashusha tatu, ikawa ndogo bado, akaandika sifuri ya pili. Akashusha tatu ya mwisho, akapata mia sita thelathini na tatu. Akaipima. Mara tatu, ikabaki bure kabisa, hakuna kitu.

"Yonas!" alipiga kelele. "Yonas, toka huko, njoo uone choo!"

Asubuhi jua lilipokwisha kupasha mabati, Coleta alikwenda kinuni akiwa amevaa kitenge cha kanisani, Mwalimu Zenon kulia kwake, Yonas kushoto, na Mboje nyuma na blanketi zake. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo mpaka barabarani. Polikarp aliwaona wanakuja, akazima injini, hata kuku wakasikika.

"Kaka, shikamoo," alinena Coleta.

"Marahaba. Imebaki ngapi leo?"

Coleta alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta mkubwa, chini ya ile namba nyekundu, akaandika kwa mkaa elfu tano na tatu, akaandika chini yake mia mbili kumi na moja, na akaanza kuzidisha mbele ya watu wote. Mara moja: 5003. Mara kumi: 50030. Mara mia mbili: 1000600. Akapiga mstari, akajumlisha kutoka kulia, na watu wakazitamka tarakimu pamoja naye kadiri alivyoziandika. Tatu! Tatu! Sita! Tano! Tano! Sifuri! Moja! Aliyekuwa amefumba jicho akalifumbua. Namba ya mkaa ilikuwa imesimama chini ya namba nyekundu, na zilikuwa namba moja.

Mwalimu Zenon akainua mkono. "Mimi niliyesema ni tasa, nimekosea. Nilidanganywa na kibuyu. Inagawanyika kwa mia mbili kumi na moja."

Polikarp alisogea ukutani. Aliusoma mstari baada ya mstari, midomo ikicheza, akatafuta kosa, hakuliona. Lakini msimdharau, hakuitwa Mrefu wa Maneno bure. Rangi ikamrudia usoni, akacheka.

"Vizuri!" alinena. "Nilinena juu ya mtungi, sirudi nyuma. Inagawanyika kwa mia mbili kumi na moja, basi mashine igawanywe mafungu mia mbili kumi na moja. Mdogo wangu, chukua fungu lako moja. Sijui utapata skrubu gani."

Coleta aliutazama mkaa mkononi mwake. Kumbe kazi yote ile, kuta zote zile, kwa ajili ya skrubu!

Lakini Bertilla, yule yule mwenye ulimi usio na breki, aliweka kikapu chini. "Polikarp," alisema, "kama mafungu ni mia mbili kumi na moja, wewe nawe ni mtu mmoja, si una lako moja tu? Hayo mengine ya nani? Mimi nimo!"

"Na mimi!" akadakia mwingine.

"Na mimi, na wakwe zangu!"

"Andika Mboje," akasema Mboje, "nina ndugu wengi."

Foleni ikavunjika, ikazingira kinu. Mmoja akapendekeza mwenyekiti. Mwingine akasema katibu awe mwanamke. Sauti kutoka nyuma ikataka mkutano mkuu, ajenda na posho. Polikarp alisikia neno ushirika likitamkwa, akaona kwa macho yake popo wakirudi, akashika fremu ya mlango.

"Mwalimu!" alilia. "Mwalimu Zenon, hakuna namba nyingine humo? Ndogo ndogo?"

Hapo Coleta akapaza sauti. "Kaka, soma nilichoandika. Nimezidisha vitu vingapi?"

Polikarp akasoma. "Viwili," alisema polepole.

"Viwili," akathibitisha mwalimu, naye sasa alikuwa amesimama wima kama siku za ujana wake. "Mia mbili kumi na moja ni tasa. Elfu tano na tatu nayo ni tasa, maana kama ingekuwa na kitu kidogo ndani yake, Coleta angekwisha kukigonga njiani. Namba hii imezaliwa na wawili hao, na katika namba zote za duniani hakuna wawili wengine wanaoweza kuizaa. Ukimtoa mmoja, hiyo milioni yako haipo. Ni wawili, Polikarp. Si mmoja, wala si mia mbili."

"Wawili!" Polikarp akaruka kama aliyeokolewa mtoni. "Wawili ni wachache! Nakubali wawili! Mmesikia wote, ni wawili tu, rudini kwenye foleni! Ila mimi ndiye elfu tano na tatu. Mimi ndiye mkubwa."

"Uwe tu," alisema Coleta. "Mimi natosheka na mia mbili kumi na moja yangu."

Vigelegele vikapanda. Polikarp, ili aonekane bado ana kazi ya kiume, akakamata hendeli, akaizungusha kwa nguvu zote, injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Kisha pakasikika mlio mkali, na mkanda ukaruka hewani, ukatua kwenye kikapu cha Bertilla. Mkanda wa mashine haukuwa kitu cha kuokota, uliagizwa huko huko Tunduma.

"Coleta!" Polikarp akaita kutoka ndani ya vumbi la unga, kwa sauti ya mtu aliyepatwa na janga. "Coleta, njoo! Mkanda wetu umekatika!"

Coleta alisimama pale pale. "Umesema mkanda wa nani, kaka?"

"Wetu! Wetu! Njoo ushike huku, mwanamke, unasimama kama mgeni!"

Akaingia. Kwa mara ya kwanza tangu mashine ile ifike Mazwi alipita mlango ule bila debe kichwani, akashika upande mmoja wa mkanda na kaka yake upande wa pili, wakaushona kwa waya na kwa matusi ya hapa na pale, mpaka magurudumu yakakubali kuzunguka. Machozi yalimtoka, akasingizia unga.

Basi pigeni ngoma, enyi watu wa nyanda za juu! Wajukuu waambiwe darasani, na madaraja yapewe jina lake, ikiwa siku moja tutapata madaraja: kwamba Coleta binti Kalisti, Mshika Mkaa, Mharibu wa Chokaa, aliishinda milioni kwenye ukuta wa choo. Mahindi yake yalisagwa ya kwanza siku ile, kabla ya foleni yote, na Bertilla hakusema neno. Jioni akasonga ugali, akamwita kaka yake aje ale. Ulikuwa na chenga, maana mkanda wao ulikuwa umelegea, na wote wawili walipakua tena.